Uzoefu wangu na kliniki ya upasuaji wa taya: uvimbe usiouma

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na uvimbe upande wa kushoto wa taya la chini, nyuma kwenye magego, na kwa kuwa haukuuma hata kidogo, sikuuhesabu kuwa ugonjwa. Gego moja lilipoanza kulegea, daktari wa kwanza aliling'oa na kuniandikia viuavijasumu bila kunipiga picha. Pengo la jino lilipona, lakini uvimbe uliendelea kukua, na meno ya juu na ya chini yakaacha kukutana kama zamani.

Katika kliniki ninayoieleza hapa, daktari bingwa alipapasa taya kwa ndani na kwa nje, akakuta mfupa umetanuka na kuwa mwembamba kiasi cha kubonyea kama ganda la yai, akaniuliza kama mdomo wa chini ulikuwa na ganzi (haukuwa nayo), kisha akaagiza eksirei ya taya zima. Nilioneshwa picha hiyo: vyumba vyeusi vilivyopakana kama sega la asali, na mizizi ya meno jirani imelika. Hata hivyo hakutaja jina la ugonjwa siku ile, kwani uvimbe wa aina nyingine huweza kuonekana vivyo hivyo. Alikata kipande kidogo kikapelekwa maabara. Subira hiyo ndiyo ninayoisifu kuliko yote niliyotendewa pale.

Majibu yalikuwa ameloblastoma, uvimbe utokanao na seli za asili ya meno. Si saratani, ila hujipenyeza mfupani, na aina kama yangu ikikwanguliwa tu mara nyingi hurudi. Kwa hiyo nilikatwa sehemu ya taya pamoja na zaidi ya sentimita 1 ya mfupa wenye afya pande zote mbili, na pengo likazibwa kwa kipande cha mfupa mwembamba wa mguuni, uitwao fibula.

Nina lawama moja, nayo si ndogo. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita ndani ya mfupa huo uliokatwa, lakini habari ya ganzi ya kudumu niliipata jioni ya kuamkia upasuaji, wakati ambapo sikuwa na utulivu wa kuuliza chochote. Ilipaswa kusemwa siku ya majibu ya maabara.

Huduma ya baadaye ni nzuri. Kila mwaka ninaitwa kupigwa picha, na nimeandikiwa kufuatiliwa kwa miaka isiyopungua 10, kwa sababu uvimbe huu huweza kuchipuka tena hata baada ya muda mrefu wa ukimya.