EQS ya umeme na Land Cruiser ya dizeli: ipi ya sifa, ipi ya kazi?

Kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, Mercedes EQS ndiyo yenye akili. Imesimama kimya, inalisha kiyoyozi tu, na kila ukikanyaga breki inarudisha chaji kidogo kwenye betri. Land Cruiser pembeni yake inanguruma, inakunywa dizeli bila kusogea. Betri kubwa ya EQS za mwanzo hubeba uniti 108 hivi. Kwa takriban shilingi 350 kwa uniti, kuijaza ni kama elfu 38. Unanunua Luku, sheli unaisahau. (Umeme ukikatika usiku, hayo mengine.)

Ukitoka lami, mambo yanageuka. EQS iko chini, matuta na makorongo ya uchochoroni yatailamba tumbo. Land Cruiser ina fundi kila kona na spea Kariakoo. EQS inataka fundi mwenye kompyuta, na umpate.

Sifa? Wanaomcheka mwenye EQS wamesahau kwamba Land Cruiser nyingi za Masaki hazijawahi kuona tope. Mwenye geti lake, wa Mbezi Beach hadi Posta kila siku, achukue EQS. Mwenye shamba Handeni asijaribu.