Picha za meno kabla ya bresi: fundi nyota tano, risepsheni nyota mbili

Haya wazazi wenzangu wa Mombasa, manake naona siku hizi kila nyumba ina mtoto ataka bresi. Nimempeleka binti yangu wa miaka 13 kwenye kituo kimoja cha picha za meno hapa kisiwani, jina silitaji kwa sababu nna malalamiko na sitaki maneno na watu, ila kazi yenyewe ni ileile hata ukienda Nyali.

Daktari wa kupanga meno hafungi waya kwa kuangalia mdomo tu, yuataka kujua mizizi imekaaje na taya zenyewe zimekaaje kabla hajasukuma chochote. Wetu aliandika OPG (eksirei moja ya meno na taya zote), sefalogramu ya ubavu (eksirei ya kichwa kutoka pembeni) na skani ya meno. Hiyo skani haina mionzi kabisa, ni kifimbo chenye kamera kinapitishwa mdomoni na meno yanatokea kwa kompyuta, na kwa mtoto wangu ambaye ukimtia lile dongo la kuchukulia umbo la meno anataka kutapika hapohapo, wallahi hiyo pekee ilifaa pesa.

Yule kijana wa eksirei nampa nyota tano zote. Kwanza kuna kona ya pazia na dada wa kumsaidia msichana kutoa pini za hijabu, vipuli na cheni, hakuna kumvua mtoto mtandio mbele za watu. Halafu ana subira. Kwenye OPG mtoto asimama wima, auma kijiti cha plastiki kwa meno ya mbele, kidevu kwenye kiegemeo, mashine inamzunguka kichwa, nusu dakika haifiki. Kijana akamwambia, "Haya mamangu, bandika ulimi juu kwenye kaakaa, usiushushe mpaka nikwambie." Nikauliza kwa nini, akasema ulimi ukishuka hewa inabaki pale juu na picha inatoka na utando mweusi juu ya mizizi ya meno ya juu, na hilo ni kosa la kawaida sana kwenye picha hizi. Yetu ilikubali mara moja.

OPG yaonyesha meno yote, taya zote mbili, magego ya mwisho na yale yaliyojificha. Na hapo ndo tukaona kisa chenyewe: chonge ya juu kushoto, ambayo kwa kawaida huwa ishatoka miaka 11 au 12, imelala ndani ya fizi imeelekea jino la jirani. Lakini OPG ni picha bapa na inakuza vitu, haikwambii chonge imelala upande wa nje kwenye midomo ama upande wa kaakaa, na usijaribu kupima milimita kwa rula juu yake.

Sefalogramu ndo ile ya ubavu, kichwa kinashikwa na vijiti viwili masikioni kisitikisike (binti aliona kama anakamatwa na polisi). Si teknolojia ya jana hiyo, Broadbent kule Marekani na Hofrath Ujerumani waliitoa mwaka mmoja, 1931, kila mtu kivyake, na mpaka leo madaktari wachora pembe zao juu yake. Wanapima taya ya juu na ya chini kila moja imekaaje ukilinganisha na sehemu ya chini ya fuvu, tofauti ya kawaida baina ya pembe hizo mbili ni kama digrii 2, ikizidi sana basi mara nyingi taya ya chini iko nyuma na meno kupangwa peke yake hayatoshi. Na kitu sikujua kabisa, mifupa ya shingo inayoonekana pembeni yamwambia daktari mtoto bado ana urefu wa kukua ama amemaliza, kwa hiyo hatukuhitaji picha ya kiganja.

Sasa risepsheni. Dada pale hata hakumaliza kusoma karatasi ya daktari, akaanza, "Mama, sisi tuna pakeji, mfanyie 3D ya kichwa kizima yaonyesha kila kitu, hizi zengine ni za zamani." Bei yake zaidi ya mara mbili ya zile mbili zikiwa pamoja. Nikampigia daktari palepale, akasema hapana, fanya nilichoandika. Na ana haki. OPG ni kama mikrosivati (kipimo cha mionzi) 10 hadi 25, sefalogramu kwa kawaida haifiki 10, na binadamu kwa wastani anapokea kama 2400 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, yani ni mambo ya siku chache tu. Skani ya 3D, ile CBCT, inaanzia makumi na yaweza kufika mamia kadhaa kulingana na mashine na ukubwa wa eneo linalopigwa. Si sumu, lakini mtoto hapigwi mionzi ya ziada eti kwa sababu kuna pakeji.

Baadaye daktari mwenyewe, alipoiona ile chonge, akaandika CBCT ya eneo dogo tu, mbele ya taya ya juu. Hiyo nimelipa bila kinyongo. Ilionyesha chonge iko upande wa kaakaa na bado haijala mzizi wa jino la jirani, na sasa yule wa upasuaji anajua afungue wapi. Tofauti ni hiyo, 3D inakuja ikiwa kuna swali ambalo picha bapa imeshindwa kulijibu.

Mavyaa wangu alikuja juu mbona hawakumvika mtoto aproni ya risasi. Mamangu, chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo 2024 kwamba aproni na kola ya shingo hazihitajiki tena kwa picha za meno, na ile kola yaweza kuziba picha ikabidi mtoto apigwe tena. Cha kuangalia ni leseni ya KNRA, mamlaka ya nyuklia ya Kenya, hiyo ndo inasimamia mashine za eksirei. Kwao ilikuwa ukutani, haijaisha muda.

Lalamiko lengine ni faili. Walinipa picha imechapishwa kwa karatasi ya kung'aa pamoja na CD, sasa jamani nani ana pa kutia CD siku hizi? Nikaomba wanitumie, wakatuma WhatsApp, daktari akakataa kwa sababu inabanwa na hawezi kupimia hapo. Mpaka nilipoomba DICOM, ile faili halisi ya picha za hospitali, kwa jina lake ndo wakaitia kwenye flashi yangu, na wakanitoza kitu kidogo juu yake, jambo ambalo naona ni uroho tu, picha ni ya mtoto wangu na nshailipia.

Kwa picha zenyewe ntarudi hapohapo. Nendeni asubuhi mapema, mchana foleni yafika ngazini na feni ni moja, na karatasi ya daktari mpeni yule kijana wa eksirei mwenyewe mkononi.