Kamusi ya simu mbele ya neno "smart": maoni ya fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Neno smati nalisikia kila siku: "Fundi, Jumamosi naoa, nitoe smati!" Sasa siku moja dada wa Kimarekani alikuja kujaribu gauni lake la kitenge, nami nikamtupia Kiingereza changu: "You look very smart." Akacheka. Akaniuliza, gauni limemwongezea akili kivipi?

Jioni ile ile nikalipia kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ya kwenye simu, shilingi 6,000 kwa mwaka. Huu mwezi wa nne ninayo.

Sifa yake ni kwamba haidai bando, na herufi zake ni kubwa, macho yangu yanazimudu. Penye "smart" imeweka -erevu, -janja, nadhifu, maridadi. Yote sahihi, ila yamemwagwa kama vifungo ndani ya kopo. Haikwambii kwamba Mwingereza ukimsifia hivyo huku unatazama suti yake ataelewa nguo, ilhali Mmarekani mawazo yake yanakimbilia kichwani. Sisi smati yetu imebaki kwenye pasi na kola, na ile ya akili tukaipa ujanja: simu janja. Lakini -janja nayo wangeiwekea tahadhari, maana mjanja wa huku kwetu ni mtu wa kuhesabiwa chenji mara mbili.

Kilichoniudhi hasa ni pale neno "smart" linapokuwa kitendo. Wameandika "uma", basi. Jino linauma, mbwa anauma! Kidole kilichochomwa sindano, halafu ukaenda kukamulia ndimu kwenye samaki, hakiumi tu: kinachonyota. Hilo ndilo neno lenyewe, na fundi yeyote angewapa bure. Tena kamusi nene ya binti yangu inaeleza kuwa maumivu hayo ndiyo maana ya zamani zaidi, na Schmerz ya Wajerumani, yaani maumivu, ni ya ukoo huo huo. Ukali wa maumivu ukahamia kwenye akili, kisha kwenye mavazi. Nami nikimfikiria bwana harusi wa Februari, joto la Tanga, tai imemkaba, sioni kwamba lilihama mbali.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Wakiingiza "chonyota" na mifano miwili mitatu ya nani humwambia nani, mwakani nalipia tena.