System Restore ya Windows kwenye laptop ya diski ndogo: iacheni iwake, ila ipimieni nafasi

Kwa kazi yenyewe ya kuirudisha kompyuta ilipokuwa, System Restore ya Windows naipa nyota 4 kati ya 5. Kwa namna inavyokuruhusu kupanga na kufuta pointi zake, yaani kumbukumbu za hali ya kompyuta unazoweza kurudi kwazo, naipa 2. Pengo hilo ndilo limenifanya niandike, maana watu wengi ninaowafahamu wameizima kabisa kwa hasira ya diski kujaa, wakati wangeweza kubaki nayo kwa gigabaiti chache tu.

Laptop yetu ni ya mtumba, tumeinunua Kariakoo. RAM ni 8, na diski yake, SSD, ni ya gigabaiti 128 ambazo Windows inazisoma kama 119. Inatumiwa na nyumba nzima. Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Tabata, na hesabu zote za hisa, mikopo na faini ziko kwenye Excel. Binti yangu anaandikia kazi zake za chuo. Mdogo wangu anapakua filamu, anaangalia, anafuta, anapakua nyingine. Kwa mashine ya namna hii, diski C ikiwa nyekundu, yaani imekaribia kujaa, kila mtu ndani ya nyumba anajua.

Sifa kwanza, kwa sababu inastahili. Tuliweka draiva (programu ya kuiunganisha na kompyuta) ya printa ya zamani, na kompyuta ilipowaka tena sauti haikuwepo na kioo kilikuwa kinazimika chenyewe. Nikafungua System Restore, nikachagua pointi iliyowekwa kabla ya printa, nikabonyeza "Scan for affected programs". Hicho kitufe ndicho ninachokipenda kuliko vyote: kinakuonyesha kabla ya kuanza ni programu na draiva zipi zitaondoka na zipi zitarudi. Nikakubali, kompyuta ikajizima na kuwaka, na ilipomaliza sauti ilikuwa imerudi. Mafaili ya kikoba hayakuguswa. Picha hazikuguswa. Kilichoondoka ni ile draiva na programu moja ndogo iliyowekwa baada yake, kama orodha ilivyosema.

Linganisheni hilo na kwenda kupigiwa Windows upya. Fundi wengi wa mtaani dawa yao ni hiyo moja, na asiyekuwa makini anafuta diski C pamoja na vilivyomo. Ukitaka kufanya mwenyewe, faili la Windows 11 peke yake linazidi gigabaiti 5, hapo bado masasisho, bado Office. Kwa bando la simu hiyo ni hela ya maana.

Sasa upande unaoudhi. Mdogo wangu aliona nafasi inapungua akaniambia, "Dada, zima hicho kitu, kinakula diski bure." Nikamwambia, "Ngoja kwanza tuone kinakula kiasi gani." Kuona ni rahisi: andika kwenye sehemu ya kutafutia "Create a restore point", chagua diski C, bonyeza "Configure". Pale utakuta "Current Usage", yaani kiasi kilichotumika, na chini yake kitelezi cha kuweka kikomo. Chetu kilikuwa kimeachiwa asilimia 10, karibu gigabaiti 12. Kwenye diski ya terabaiti hilo si neno. Kwenye yetu ni pango la nyumba.

Inafaa kuelewa kwa nini inakua, kwa sababu ndipo utajua cha kufanya. Chombo hiki kilikuja na Windows Me mwaka 2000, lakini tangu Windows Vista kinafanya kazi kwa Volume Shadow Copy, yaani nakala za kivuli. Hakinakili diski nzima unapoweka pointi. Pointi ikishawekwa, kila sehemu ya diski inayotaka kubadilishwa, yaliyokuwemo huhifadhiwa pembeni kwanza. Kwa hiyo pointi changa ni nyepesi, na uzito unaongezeka kadiri masasisho yanavyoingia na mafaili yanavyobadilika. Ile filamu iliyokuwepo wakati pointi inawekwa, ukiifuta na nyingine ikaandikwa juu ya nafasi yake, ya kwanza bado inatunzwa kivulini. Tabia ya kupakua na kufuta ndiyo iliyokuwa inalisha zile gigabaiti, si System Restore peke yake.

Vitu hivyo vinakaa kwenye folda iliyofichwa inayoitwa System Volume Information. Tafadhalini, msiingie humo kufuta kwa mkono hata kama mtandaoni mtu amewaonyesha njia ya kuifungua. Folda hiyo ina mambo mengine ya mfumo pia.

Kwenye ukurasa uleule wa kitelezi kuna kitufe cha "Delete". Hapa ndipo nyota zangu zilipopungua. Kinafuta pointi zote za diski hiyo, zote, hadi ya jana. Hakuna orodha ya kuchagua, hakuna tiki, hakuna "futa hii, acha ile". Chombo kinachoweza kukuorodheshea pointi zako vizuri, kwa tarehe na jina, wakati wa kurejesha, kwa nini kishindwe kukuruhusu uondoe moja kwenye orodha hiyohiyo? Miaka zaidi ya 20 na Microsoft haijaliona hili. Ukilazimika kukitumia, bonyeza "Create" hapohapo uweke pointi mpya kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Njia ya pili ni Disk Cleanup, chombo cha Windows cha kusafisha diski. Ifungue, bonyeza "Clean up system files", chagua tena diski C, kisha nenda "More Options", sehemu ya System Restore. Hii inafuta zote na kuiacha ya mwisho. Kwa mtu asiyetaka kuandika amri, hii ndiyo ninayompendekezea, ila hakikisha kwanza kwamba ile ya mwisho iliwekwa kompyuta ikiwa nzima. Ikiwa iliwekwa baada ya tatizo kuanza, umebaki na pointi ya kukurudisha kwenye tatizo.

Ninayoitumia mimi ni Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, iliyofunguliwa kama msimamizi. "vssadmin list shadowstorage" inaonyesha nafasi iliyotumika na kikomo chake, haifuti kitu. "vssadmin delete shadows /for=C: /oldest" inaondoa ile ya zamani kuliko zote, na inakuuliza kwanza kama una uhakika. Ukirudia inaondoa inayofuata. Lakini kuweni waangalifu na amri hii mkiiona mahali ikiwa na "/all /quiet" mwishoni, yaani futa zote bila kuuliza. Virusi vya kufunga mafaili ili ulipe, WannaCry ya 2017 ikiwemo, vilifuta vivuli kwa namna hiyo ili mwenye kompyuta asipate pa kurudi.

Kusema kweli, dawa ya nyumba yetu haikuwa kufuta. Nilishusha kitelezi hadi asilimia 5, kama gigabaiti 6. Kikomo kikishuka, Windows yenyewe inaondoa za zamani mpaka zilizobaki zienee, na kuanzia hapo inaendelea hivyohivyo. Mdogo wangu aliridhika, nami nikabaki na pointi zangu.

Wenye Windows 11 toleo la 24H2 wajue kwamba tangu sasisho la Juni 2025 pointi hukaa hadi siku 60 tu, hata nafasi ikiwepo. Na kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 huja chombo hiki kikiwa kimezimwa, kwa hiyo ukikuta orodha tupu usishangae. Kiwashe kwa "Turn on system protection". Mimi huweka pointi kwa mkono kabla ya kitu kipya na kuipa jina linaloeleweka, kama "kabla ya printa". Tarehe inajiandika yenyewe.

Hesabu za kikoba bado nazinakili kwenye flashi kila baada ya kikao. System Restore hairudishi faili la Excel ulilofuta, na diski ikifa, pointi zinakufa nayo. Jambo jingine: Windows ikikataa kuwaka kabisa, unaweza kurejesha kupitia skrini ya bluu ya "Troubleshoot", lakini kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafuteni sasa kwenye akaunti yenu ya Microsoft na muuandike kwenye daftari, wakati kompyuta bado inawaka.