Wapi pa kulaza boti ndogo Unguja: nimejaribu pwani nne, na huyu ndo mtu ninayemlipa sasa

Mie nina boti ya faiba ya futi 23, mashine moja ya nguvu farasi arubaini, asubuhi navua na msimu wa wageni nawapeleka kuogelea. Miaka minne nimehangaika na swali moja, boti ilale wapi. Vijana wanaonunua boti ya kwanza wananiuliza kila siku, wanaulizia mashine ipi nzuri, petroli inakula kiasi gani, hakuna anayeuliza pa kulala, na boti masaa mengi ya maisha yake imelala mwenzangu, haitembei. Kwa hiyo naandika hapa kila nilichokipitia, pamoja na huduma ya bwana mmoja wa Kendwa ambaye nipo nae mwaka wa pili sasa.

Maji yetu lazima uyaheshimu. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hapa Unguja yanapanda na kushuka karibu mita 4, maji mafu, yale madogo ya katikati yake, yanacheza kwenye mita moja tu, yaani pwani ile ile moja ukiiona wiki hii na ukiiona wiki ijayo utaapa ni sehemu mbili tofauti. Na hili ndo lililoniponza.

Nilianzia pwani ya mashariki, sehemu ya kulipia, jina silitaji. Nilikwenda kuangalia siku za maji mafu, bahari imejaa, rangi nzuri, boti za watu zinaelea, mwenye sehemu akaniambia hapa maji hayakauki. Nikalipa miezi mitatu mbele. Wiki haijaisha mwezi ukapevuka, saa nne na nusu asubuhi napigiwa simu njoo boti imelala ubavu. Nilipofika maji yamekimbilia kule mwambani, kinamama wanatembea kwenye mwani pale pale nilipotia nanga, na boti yangu imekalia jiwe. Jiwe lenyewe halizidi ukubwa wa kichwa cha mbuzi, limepakwa rangi ya bluu ya boti yangu, na chini ya ubavu ufa wa urefu wa kiganja. Tulijaribu kuuziba kwa matambara na sabuni lakini maji yaliporudi yakaingia tu, mashine ikanywa maji ya chumvi, nikakaa wiki sita bila kazi. Pesa sikurudishiwa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yule bwana kazaliwa pwani ile, lile jiwe analijua tangu mtoto, na alinitazama usoni akaniambia hapakauki.

Simaanishi pwani yote ya mashariki mbaya. Chwaka, Paje, Jambiani watu wanalaza vyombo tangu enzi, lakini angalia wanalaza nini, ngalawa, nyepesi, mirengu pande mbili inaishikilia, maji yakipwa inakaa wima inasubiri. Boti ya faiba yenye tumbo la mshazari na mashine ya kilo karibu mia inayoning'inia tezi, yaani nyuma, ni habari nyengine kabisa.

Baada ya hapo nikahamia Mkokotoni. Pale pametulia, Tumbatu imekinga mbele, mikoko iko, tope ni laini boti haiumii hata ikikaa chini. Usalama wake mkubwa ni watu, soko la samaki lile halilali, mtu hawezi kukufungulia mashine kila mtu anaangalia. Tatizo bamvua ikipwa unapwelewa, boti iko pale unaiona lakini huwezi kuondoka mpaka maji yarudi, na mgeni kakwambia anataka kutoka saa tatu asubuhi, utamwambia nini? Tope nalo likishaishika boti iliyobeba mzigo linaing'ang'ania, usipoipunguza mzigo mapema maji yanajaa nayo bado imekazana. Kwa mvuvi anayefuata saa za maji Mkokotoni napasifu bila wasiwasi, kwa mwenye kazi ya saa za ofisi hapafai.

Sasa Kendwa. Wengi wanaijua kwa hoteli, lakini kwa mwenye boti sifa yake ni kina kuwa karibu na ufukwe, hata bamvua maji hayakimbii mbali kama mashariki. Ipo upande wa magharibi wa ncha ya kaskazini kwa hiyo kusi ikivuma kisiwa chote kiko mgongoni mwako. Bwana ninayemlipa ni mvuvi mtu mzima, sote tunamwita Mzee, ana maboya yake sita na analinda boti usiku na kijana wake.

Kilichonifanya nimuamini ni siku ya kwanza. Nilimpigia nikitaka kuja kuangalia, akaniuliza mwezi wa angani una siku ngapi leo? Nikamwambia wa tisa. Akasema usije, maji mafu haya yatakudanganya, njoo mwezi kumi na sita saa nne asubuhi. Kwetu bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi na yanapwa kwenye saa nne, kwa hiyo unaona chini kweupe mchana. Nikaenda. Tukaingia majini, yamefika kifuani, tukatembea mpaka kwenye jiwe la boya, lile zito linalolishika chini, akaniambia zunguka mwenyewe pekua kwa miguu. Nikazunguka. Mchanga mtupu, mgumu, na kwenye mchanga mnyororo umechora duara, mfereji mdogo kabisa unauhisi kwa kidole cha mguu, ndo njia boti inapita kila maji yanapogeuka, mara nne kwa siku. Akanambia ukiona duara limekatika upande ujue kuna kitu kinauzuia mnyororo, ukiona jiwe jengine ndani ya duara ondoka. Mtu ananionyesha kazi yake kwa chini, nikaona hapa ndo penyewe.

Boya lenyewe si la kifahari. Ni tairi la lori limemwagiwa zege, kati katia chuma, kisha mnyororo mnene kama mita 4 unaolala chini, ndo kamba ya nailoni mpaka kwenye dumu la njano la lita 20. Kamba inapopita omo, yaani mbele ya boti, kavisha kipande cha mpira wa bomba la maji isisuguliwe. Kwenye kiungo cha mnyororo na kamba kuna chuma kinachozunguka chenyewe, bila hicho boti ikizungushwa na mkondo siku kumi kamba inajisokota inakuwa kama msuko wa nywele halafu inakatika usiku.

Na kwa nini nisitie nanga yangu tu nikaokoa pesa? Piga hesabu. Tuseme maji yakipwa una mita 2, yakijaa unakuwa na 6, ongeza mita moja ya urefu wa omo, saba, nanga ishike vizuri unataka kamba mara tano ya hapo, mita 35. Yakijaa sawa. Yakipwa sasa una kamba ya mita 35 kwenye maji ya mita 2, boti inatangatanga duara la upana wa karibu mita 70, inampiga jirani, inapanda mwamba. Ukifupisha kamba, yakijaa nanga inang'oka. Wengine wanatia nanga mbili, omo na tezi kufuata mkondo, nimeifanya sana Mkokotoni inasaidia, lakini upepo ukija ubavuni boti inavutwa kama ng'ombe kafungwa kamba mbili. Jiwe zito na mnyororo mfupi ndo dawa ya maji yetu.

Kitu chengine Mzee alinifundisha, maji hayaendi mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kugeuka polepole, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia, nusu ya maji yote inapita kwenye masaa hayo mawili. Bamvua hiyo ni mita 2 nzima. Usijaribu kufunga boya peke yako saa hizo, zuia pupa, subiri yasimame. Mimi nilijeruhi kidole kwa haraka zangu, kamba ilikaza mkononi.

Bei, nalipa elfu hamsini kwa mwezi, ulinzi ndani yake. Kila mwezi akizamia kukagua mnyororo ananipigia picha kwa simu, sijawahi kumuomba. Kamba kanibadilishia mara mbili kabla haijaisha.

Malalamiko yapo. Hakuna risiti wala karatasi, yote mdomo. Boti za hoteli zinapita kasi na mawimbi yao yanaikung'uta yangu kutwa, ndoano na vifaa vidogo ukiviacha ovyo vinamwagika. Na kubwa kuliko yote, kaskazi ikianza, kuanzia Disemba, pale Kendwa bahari inachafuka, upepo unazunguka ncha ya kisiwa na boti inapigwa omo usiku kucha. Mzee mwenyewe ndo aliyenambia peleka Fumba, hataki pesa yangu miezi hiyo. Fumba ghuba ya Menai imekaa vizuri kwa kaskazi, visiwa vimetapakaa mbele, bahari tulivu, ila bamvua ikipwa unatembea majini na mgeni wako mwendo mrefu mpaka kwenye boti, waambie mapema wavae kaptura na viatu vya mpira maana chini kuna miamba na maganda ya chaza yanakata.

Kwa hiyo mwaka wangu umegawika, kusi Kendwa, kaskazi Fumba, kama wavuvi wanavyopiga dago, kuhamia kambi ya pwani nyengine kwa msimu. Mzee nampa nyota nne na nusu, hiyo nusu ni ya karatasi tu. Ana maboya mawili wazi sa hivi, mwezi utaandama wiki ijayo, anayetaka kuangalia aende mwezi pili au tatu saa nne asubuhi na kaptura yake, atamkuta amekaa chini ya mti wa mkungu karibu na madau.