OSB na plaiwudi kwenye paa moja: tathmini ya aliyezitumia zote mbili

Nilipojenga, kuta zote na upande mmoja wa paa nilizifunika kwa bodi za OSB, yaani bodi za vipande vya mbao vilivyogandishwa. Upande wa pili wa paa ulipata plaiwudi kwa sababu tu mzigo wa OSB uliisha nasi hatukutaka kazi isimame. Hivyo, bila kukusudia, niliziona bidhaa hizi mbili zikifanya kazi ileile chini ya mvua ileile.

Kwa nguvu, sikuona cha kuzitenganisha. OSB hutengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopangwa kwa matabaka yanayopishana, vikatiwa gundi na nta na kushindiliwa katika joto kali, ilhali plaiwudi ni matabaka mapana yaliyogandishwa, nyuzi za kila tabaka zikikatiza zile za tabaka la chini yake. Zote, zikipigiliwa sawasawa, huizuia fremu ya mbao isiyumbe upepo unapoisukuma, na hiyo ndiyo kazi yake hasa, si kuziba nafasi. Kwa kawaida OSB huwa nafuu, nayo haina yale mashimo ya ndani ambayo plaiwudi hafifu huyaficha.

Tofauti ilijitokeza kwenye kingo. Mvua ilinyesha siku tatu kabla hatujatandika karatasi ya kuzuia maji. Plaiwudi ililowa, ikavimba kidogo, kisha ikakauka na kurudi ilivyokuwa. OSB ilistahimili katikati, lakini kingo tulizozikata kwa msumeno, ambazo hazikuwa tena na rangi ya kiwandani, zilivimba na hazikurudi. Ukipitisha kiganja juu ya kiungo unakuta tuta dogo, na jua la jioni likimulika kwa ubavu, tuta hilo linaonekana hata juu ya vigae vyembamba vya lami.

Hata hivyo, ni lazima niseme kwamba ulinganisho wangu haukuwa wa haki kabisa. Upande wa OSB fundi alizibananisha bodi, akiamini kwamba kiungo kisicho na upenyo ndicho kazi safi, wakati bodi za aina zote mbili huhitaji mwanya wa milimita 3 hivi ili zipate pa kutanukia. Tulipofika kwenye plaiwudi tulikuwa tumeshaelezwa, tukawa tunasimamisha msumari kati ya bodi na bodi kuwa kipimo, kisha tunauchomoa.

Anayenunua asiangalie unene pekee, bali asome muhuri. Kwenye bodi za Marekani, muhuri wa 32/16 una maana kwamba zikiwa juu ya paa mbao za kuzibeba zinaweza kuachana hadi inchi 32, na zikiwa sakafuni hadi inchi 16. Kwa viwango vya Ulaya, OSB/2 ni ya kubeba uzito mahali pakavu tu, ilhali OSB/3 huvumilia unyevunyevu. Hakuna kati ya hizo iliyokusudiwa kubaki wazi mvuani.

Katika kupigilia, bodi hulazwa urefu wake ukikatiza kenchi, na viungo vya safu moja visikutane na vya safu inayofuata. Sisi tulifuata kipimo kilichozoeleka, yaani msumari kila milimita 150 kwenye kingo na kila milimita 300 katikati, ingawa penye upepo mkali mchoro wa mhandisi unaweza kudai zaidi. Kosa lililotusumbua ni la mashine ya kupigia misumari: shinikizo la hewa likizidi, kichwa cha msumari hutoboa uso wa bodi na kuzama, na msumari wa namna hiyo haushiki inavyotakiwa. Tulipunguza shinikizo, tukamalizia kwa nyundo.

Nikijenga tena, kuta nitazirudishia OSB bila kusita, na paa nitaliwekea plaiwudi iwapo kazi itaangukia msimu wa mvua. Kama ni OSB juu, basi ule uso wake wa kukwaruza utazamishwe angani. Sisi bodi mbili za kwanza tuliziweka kinyume, na fundi aliteleza asubuhi ya umande.