Shorobo mmoja, macho mawili, na darubini ya elfu tisini na tano

Nianze na yule muuzaji, maana darubini yenyewe, ya kuangalia ndege, ningeweza kuisamehe.

Nafundisha baiolojia sekondari, huu mwaka wa kumi na kitu. Maneno ya watoto nimeyazoea, ya wazazi nimeyazoea. Lakini sijawahi kumpa mtu pesa taslimu mkononi, akahesabu noti moja moja, halafu nikamrudia na tatizo akaniambia macho yangu ndiyo mabovu. Alisema mbele ya wateja, hata kichwa hakuinua kwenye simu yake. "Dada, nenda hospitali kapime macho. Darubini haina shida." Nikamwambia wanafunzi 9 wameiangalia na wote wameona kitu kilekile. "Basi wapeleke wote wakapimwe."

Nilitetemeka. Sio kwa ajili yangu. Ile pesa haikuwa yangu.

Shule yetu iko Muheza, na tuna klabu ya mazingira isiyo na mfadhili. Watoto walichanga mia tano mia tano, na walioshindwa kuchanga waliuza machungwa barabarani msimu ulipofika. Mimi nikaongezea. Ilipofika laki moja na kidogo nikapanda basi kwenda Dar, kwa sababu Tanga mjini nilizunguka nikaambiwa hicho kitu nitakipata Kariakoo. Ilikuwa kipindi cha vuli, kama sikosei, mvua zilikuwa zimeanza.

Pale dukani nilieleza nataka ya kuangalia ndege msituni na nina bajeti ndogo. Akaniletea moja kubwa, nzito, vioo vya mbele vyekundu kama juisi ya ukwaju, juu imeandikwa namba kubwa na kwamba inaona usiku na mchana. "Hii ya jeshi hii, dada angu. Wawindaji wote wanaokwenda Selous wanachukua hii hii." Nikaielekeza ghorofa ya pili yake. Kulikuwa na mtu kaanika nguo, nikaona vifungo vya shati. Nikafurahi kama mtoto. Wakati ule sikujua kwamba jua la saa sita la Dar linaweza kukipamba kioo chochote, hata cha chupa.

Elfu tisini na tano. Risiti alinipa baada ya kumwomba mara mbili, na chini yake kumegongwa muhuri: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kusema haki, mwanzoni ilinifaa. Jumamosi moja tulikwenda Tanga, maji yamekupwa, na kwenye tope tukawaona chamtwara, wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Nikawaeleza watoto kwamba ndege hawa huzalia mbali, kwenye fukwe za Oman na Ghuba, tena wanachimba mashimo kwenye mchanga na kutaga humo ndani, jambo ambalo ndege wengine wa jamii yao hawafanyi. Kila mmoja aliangalia. Mwanga ulikuwa mwingi, ndege wako mbali, wazi, hawajifichi. Jumatatu niliisifu darubini ile staff nzima ikanisikia. Ningeandika maoni yangu wiki ile, ningewaambia wote mkanunue.

Halafu tukapanda msituni Amani.

Anayeijua ile njia kutoka Muheza kwenda juu anajua gari linavyorushwa. Darubini ilikuwa kwenye begi lake, mapajani kwangu. Haikuanguka. Narudia, haikuanguka, kwa sababu hili nililiapia baadaye na sikuaminiwa. Tukasajili pale getini Zigi, tukaanza kutembea, na hatukumaliza nusu saa tukasikia shorobo wanaitana juu ya miti. Mimi shorobo namsubiria kila safari. Mwili wa kijani, amejificha kwenye majani hata humwoni, halafu anaruka na mabawa yanawaka mekundu. Darasani huwa nawaambia ile nyekundu ni rangi yenyewe yenye madini ya shaba ndani yake, haitokani na mchezo wa mwanga kama rangi zinazometameta za yule ndege aitwaye chozi. Nilitaka waione, nisiwe tu nimeisema.

Nikampa darubini binti mmoja wa kidato cha pili, mpole sana, ambaye huwa haongei. Akaangalia muda mrefu. Nikamwuliza, umemwona?

"Nimewaona mwalimu. Wako wawili."

Mimi kwa macho yangu naona mmoja. Nikamwambia aangalie vizuri. "Wako wawili mwalimu, mmoja juu kidogo ya mwenzake, wanafanana." Mwenye daftari akaandika: shorobo 2. Nikaichukua. Nikaona wawili. Nikafumba jicho la kushoto, mmoja. Nikafumba la kulia, mmoja. Nikafungua yote, wawili, na ile sehemu ya nyuma ya macho ikaanza kuvuta kama mtu ananibana na vidole. Nikageukia tawi, matawi mawili. Shorobo akaruka. Watoto wakaona mwekundu kwa sekunde moja, kwa macho makavu. Siku nzima iliyobaki tulipokezana kipande hicho cha chuma huku kila mmoja amefumba jicho. Wawili waliumwa kichwa. Binti yule aliniuliza tukiwa kwenye gari kama ni yeye aliyeiharibu.

Hilo swali ndilo lililonipeleka tena Kariakoo kwa nauli yangu mwenyewe.

Mliyoyasoma pale juu ndiyo yaliyonikuta. Ila kuna neno nililiacha. Nilipomwambia hii ni pesa ya wanafunzi na kazi yake ni kuangalia ndege, alicheka akamwambia mwenzake, "Mwalimu mzima anahangaika na ndege, kuku hawaoni?" Nikamtajia Tume ya Ushindani, kwamba kuna sheria ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji. Akanionyesha muhuri kwenye risiti. Nikatoka. Nilikaa kwenye kibaraza cha duka la jirani nikalia, na mama mmoja muuza vitenge akanipa maji bila kuniuliza kitu. Mungu ambariki.

Tanga nilielekezwa kwa mzee mmoja fundi wa kamera, wa zamani, meza yake imejaa vitu ambavyo hakuna anayevileta tena. Akaielekeza darubini kwenye waya wa umeme, akaguna. Akabandua mpira wa nje kwa kucha, akachungulia ndani na tochi. "Mwanangu, hii haikuharibika. Ilitengenezwa hivi." Akanionyesha: prizimu, yale mawe ya kioo yanayopindisha mwanga ndani, yameshikizwa kwa tone la gundi. Hakuna kibano, hakuna chochote. Moja gundi yake imeachia kwa mtikisiko wa barabara, ikakaa upande. Ndiyo maana kila jicho linapelekewa picha ya mahali tofauti. Na akanifundisha jambo ambalo ningelijua mapema nisingeibiwa: picha zikipishana kidogo tu, macho yanajitahidi kuziunganisha yenyewe kwa dakika chache, hivyo dukani hutambui kitu. Utakachotambua ni kichwa kuuma, baadaye, ukiwa mbali na duka.

Kwa hiyo ukienda kununua, toka nje hata muuzaji akinuna. Tafuta waya au ukingo wa bati. Tazama kwa macho yote mawili, kisha isogeze darubini taratibu kutoka usoni, kama kiganja kimoja, bado unautazama waya. Wa kushoto na wa kulia uwe mstari mmoja. Ukiona mmoja umepanda, rudisha hapo hapo. Halafu ishike mbali, uelekee kwenye mwanga, uangalie zile duara mbili ndogo zinazong'aa kwenye vioo vya machoni. Ziwe duara kweli. Zikiwa zimekatwa pembeni kama kipande cha sabuni, prizimu ni za bei ya chini. Vioo vyekundu usiviguse. Na kaka yangu, aliyewahi kufanya kazi kwenye kitalu cha uwindaji, anasema namba kubwa ni chambo tu: kwenye darubini iliyoandikwa 8x42, 8 ni ukuzaji na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita; gawanya namba ya pili kwa ya kwanza, 42 kwa 8 unapata 5 na kitu, hiyo inakufaa alfajiri na chini ya miti. 25 kwa 10 unapata mbili na nusu, hiyo ni ya jua kali. Kwao haikuwa mchezo. Simba asiyefika miaka 6 haruhusiwi kupigwa, na anayemtambua alfajiri anamtambua kwa kioo, hakisii. Nilipomsimulia kuhusu wawindaji wote wa Selous na vioo vyekundu alinyamaza tu, akatikisa kichwa.

Mzee alikaza skrubu zilizofichwa chini ya ule mpira, akaongeza gundi ya kwake, akachukua elfu kumi. Na hapa ndipo hukumu yangu inanisumbua. Darubini imekaa sawa. Miezi sasa imepita, na nimeipeleka baharini mara kadhaa, waya ni mmoja, ndege ni mmoja. Kwa hiyo nisemeje? Kwamba kwa laki moja na tano pamoja na matengenezo mtu anapata kitu cha kuangalilia ndege wa ufukweni? Ni kweli, anapata. Nilishaandika hapa kwamba si mbaya kwa bei yake kama una fundi karibu.

Nimefuta. Wangapi wana fundi yule? Yule mtoto angeambiwa na nani kwamba siye aliyeiharibu? Msinunue. Hata ikipunguzwa bei, hata ukiambiwa ni ya jeshi, msinunue, na duka linalomwambia mteja akapime macho lisipate shilingi ya mtu mwingine anayependa ndege.

Msituni sasa tunatumia nyingine, ya mtumba, aliyoitoa mzee kabatini kwake: nane kwa thelathini, imeandikwa imetengenezwa Urusi ya enzi ile ya Kisovieti. Nzito kama jiwe la kusagia, inafanya kila kitu kiwe na umanjano kidogo, mvua ikinyesha lazima uifiche ndani ya koti. Alitaka laki moja na ishirini, akakubali tulipe kidogo kidogo.

Tulirudi nayo Amani muhula huu. Binti yule yule aliishika kwanza. Shorobo alikuwa kwenye mti mrefu nyuma ya nyumba za zamani za watafiti. Akamtazama, akahesabu kwa sauti, "mmoja", kisha akaomba daftari, akarudi kurasa nyuma hadi ile ya safari ya kwanza, akakata 2 kwa rula na kuandika 1 pembeni.